Fomula za mishahara, LLVM na shilingi moja

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Vijana wengi wa kompyuta hapa kwetu wanasema "kodi" wakimaanisha yale maelekezo unayoyaandika ili programu ifanye kazi. Mimi siwezi. Ninatengeneza programu za mishahara, na kwangu kodi ni ile inayokwenda TRA, mamlaka ya mapato. Siku moja nilisema kwenye simu, "kodi imeharibika, naifuta yote naandika upya," huku mhasibu wa mteja amekaa mbele yangu. Uso alioufanya bado naukumbuka. Kwa hiyo humu msimbo ni msimbo na kodi ni kodi.

Niko Morogoro, Kihonda, na ofisi yangu ni chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya mpunga. Programu yangu ina jambo moja ambalo wateja wanalipenda kuliko mengine yote: kila kampuni inajiandikia fomula zake. Posho ya usiku inapatikanaje, saa za ziada zinalipwaje, mkopo wa ndani unakatwaje. Mhasibu anaandika hivi:

posho_usiku = zamu * 3000 + kama(zamu > 15, 20000, 0)

na kazi imekwisha, hanihitaji mimi. Viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, navyo viko humohumo kama fomula, kwa sababu vinabadilika. Ile ngazi ya kwanza inayotozwa, kati ya 270,000 na 520,000, ilikuwa asilimia 9, Julai 2021 ikawa asilimia 8. Sikutaka kila sheria ya fedha ikipita bungeni mimi nizunguke nchi nzima na flashi mfukoni.

Kwa miaka mitatu fomula hizi zilisomwa na mkalimani (interpreter, programu inayosoma fomula na kuitekeleza palepale) niliyemwandika mwenyewe kwa lugha ya C++. Fomula inageuzwa kuwa mti: juu kuna kujumlisha, kushoto kuna kuzidisha, kulia kuna "kama". Mkalimani anaupanda mti ule kwa kila mfanyakazi, tawi kwa tawi, akijiuliza kila mara "hapa kuna nini?" Ni kama mkalimani wa mkutano wa hadhara ambaye mzungumzaji akirudia sentensi ileile mara 4,000, naye anaitafsiri upya mara 4,000 bila kukumbuka kwamba ameshaitafsiri. Kwa mishahara ya mwisho wa mwezi hakuna aliyelalamika. Unabonyeza, unapepesa macho, imekwisha.

Kisha ikaja zabuni.

Mmoja wa wateja wangu ni kampuni ya ulinzi yenye walinzi kama 4,000. Mhasibu wao ni mama wa makamo, mtu wa kalamu nyekundu na kikokotoo cha kuchapa karatasi. Akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa sikiliza. Tunaomba zabuni kubwa. Nataka kujua tukipandisha mshahara asilimia tatu, au nne, au tano, na posho ya usiku ikiwa elfu tatu, au elfu tatu mia tano, na zamu zikipungua, na saa za ziada zikiongezeka, kwa mwaka mzima tutabaki na nini. Michanganyiko yote."

Nikauliza michanganyiko yote ni mingapi. Tukahesabu pamoja kwenye simu, ikafika 500. Walinzi 4,000 mara miezi 12 mara 500 ni 24,000,000, na kila mmoja ana fomula 14. Nikawasha mkalimani wangu, akatumia dakika 11. Mama akasema si mbaya, atakuwa anaiwasha anakwenda kunywa chai. Ila kila akibadilisha kitu kimoja, chai nyingine. Kufikia saa sita alikuwa ameshakunywa vikombe vitano.

Hapa niseme ukweli ambao wenzangu wa fani wataniuliza: kulikuwa na njia rahisi zaidi. Ningeweza kuunyoosha ule mti ukawa orodha ya maelekezo mafupi, nikapata sehemu kubwa ya faida kwa robo ya jasho. Nilijua. Lakini nilikuwa na kiu ya siku nyingi. Ninatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na toleo la 11, la mwaka 2018, lilikuja na uwezo wa kukompaili vipande vya ulizo (query), yaani kuvigeuza kuwa lugha ya mashine, papo kwa papo kwa kutumia LLVM. Toleo la 12 likauwasha bila mtu kuuomba. Tangu hapo kila nikichunguza ulizo zito kwa EXPLAIN ANALYZE naona mwishoni sehemu ndogo imeandikwa JIT (just-in-time, yaani papo kwa papo), na milisekunde zake. Kila nikiiona najiuliza: hivi na mimi nikitaka?

LLVM, kwa asiyeijua, ni mkusanyiko wa maktaba za kutengenezea kompaila. Chris Lattner na Vikram Adve waliianzisha mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na toleo la kwanza likatoka 2003. Kompaila ya Clang na lugha za Rust, Swift na Julia zote zinapitia humo. Wewe unaandika sehemu ya mbele, ile inayoielewa lugha yako. LLVM unaipa maelekezo kwa lugha yake ya kati, IR, nayo inajua kuyageuza kuwa lugha ya mashine ya Intel, ya ARM na nyinginezo. Kwa kawaida matokeo yanaandikwa kwenye faili. Kwenye JIT hayaendi kwenye faili lolote. Yanawekwa kwenye kumbukumbu ya programu ileile inayoendelea kufanya kazi, kurasa zile za kumbukumbu zinapewa ruhusa ya kutekelezwa, nawe unakabidhiwa anwani. Unaiita kama fanksheni yoyote uliyoiandika mwenyewe, ingawa dakika moja iliyopita haikuwepo duniani.

Maandazi ya kwenye kabati la kioo yamepikwa alfajiri, mlaji hajajulikana. Hiyo ndiyo kompaila ya kawaida. Chipsi mayai zinakaangwa ukiwa umesimama pale, umeshasema mayai mawili na kitunguu usiweke. Hiyo ndiyo JIT. Ila mafuta lazima yapate moto kwanza, na mafuta ya LLVM ni karai zima.

Kosa la kwanza halikuwa hata la msimbo. Nilishusha chanzo chote cha LLVM nikaanza kukijenga kwenye laptopu ya gigabaiti 8. Kukompaili kulikwenda. Kuunganisha ndiko kulikoimaliza: viunganishi vinne kwa mpigo, kila kimoja kinataka kumbukumbu yake, kipanya kikaganda, feni ikalia kama mashine ya kusaga. Baadaye nilijua kwamba unaweza kuiambia ijenge kwa ajili ya prosesa yako tu, LLVM_TARGETS_TO_BUILD, na iunganishe kimoja kimoja, LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS. Baadaye zaidi nilijua kwamba sikuhitaji lolote kati ya hayo. Kifurushi cha llvm-dev kipo tayari kwenye Ubuntu, amri moja ya apt. Bando la wiki nzima lilikuwa limeshakwenda.

Kuwasha JIT yenyewe siku hizi si kazi. Vizazi vya zamani vimepita: ile JIT ya mwanzo iliondolewa, ikaja MCJIT, sasa iliyopo ni ORC, na ndani ya ORC kuna darasa linaloitwa LLJIT ambalo linakufungia kila kitu kwenye furushi moja. Mistari michache. Mara ya kwanza ilinijibu kwamba haitambui mashine yoyote ile. Nilikuwa nimesahau kuita InitializeNativeTarget na InitializeNativeTargetAsmPrinter mwanzoni mwa programu. Kila mtu anasahau.

Kisha nikaandika ile sehemu ya kuupanda mti, lakini safari hii badala ya kukokotoa, kila tawi linatema maelekezo. Posho ya usiku ikatoka hivi:

define i64 @posho_usiku(i64 %zamu) {
  %a = mul i64 %zamu, 3000
  %b = icmp sgt i64 %zamu, 15
  %c = select i1 %b, i64 20000, i64 0
  %d = add i64 %a, %c
  ret i64 %d
}

Hata kama hujawahi kuiona IR, nadhani unaisoma. Zidisha, linganisha, chagua, jumlisha, rudisha. i64 ni namba kamili ya biti 64. Sikutumia desimali kwa sababu hizi ni fedha, na kwa kuwa senti huku tumeshazisahau, namba moja ni shilingi moja. Mkumbuke uamuzi huo, utarudi.

Nikaiongeza moduli, yaani furushi la IR hiyo, kwenye LLJIT, nikaulizia anwani ya posho_usiku, nikaiita na 18. Ikarudisha 74000. Nikaipa 12, ikarudisha 36000. Ilikuwa saa nane usiku, watu wamelala, na mimi nimesimama katikati ya stoo ya mpunga natabasamu peke yangu. Maneno aliyoyaandika mhasibu kwa Kiswahili, na jina la fomula yake, yamekuwa maelekezo ya Intel bila kupita kwenye faili hata moja.

Utamu ule ulidumu siku mbili.

Siku ya tatu niliwapa walinzi wote na fomula zote 14, programu ikafa. Haikutoa ujumbe wa kosa wa kwangu, haikusema mstari gani. Ilikufa tu, na Linux ikaniambia kuna tatizo la namba za desimali. Nilitumia nusu siku nzima kutafuta desimali kwenye msimbo wa JIT usiokuwa na desimali hata moja. Ujumbe huo ni wa zamani na unapotosha. Kwenye prosesa za Intel, ishara ileile inatolewa ukigawa namba kamili kwa sifuri.

Nani anagawa kwa sifuri? Nikazipitia fomula za mama. Hii hapa:

kiwango_siku = kama(siku == 0, 0, mshahara / siku)

Yeye yuko sahihi kabisa. Mlinzi aliyeajiriwa tarehe 30 ana siku sifuri, akalifikiria hilo, akaweka kinga. Kwa miaka mitatu mkalimani wangu aliifanyia kazi fomula hii bila tatizo, kwa sababu mkalimani akifika kwenye "kama" anaangalia sharti kwanza, halafu anapanda tawi moja tu. Tawi la kugawa hakuligusa kabisa siku zikiwa sifuri. Mimi nilipoandika JIT niliigeuza kila "kama" kuwa select. Na select si njia panda. Select inataka majibu yote mawili yawe yameshapatikana mezani, ndipo ichague moja. Kwa hiyo msimbo wangu uligawa kwanza, kwa sifuri, ukafa, na kinga ya mama ilikuwa inasubiri zamu yake mstari unaofuata.

Lililonikera zaidi ni kwamba rafiki yangu aliyenisaidia kujaribu ana Mac ya M1, yenye prosesa ya ARM, na kwake kila kitu kilipita. ARM ukiiambia igawe kwa sifuri haifi. Inarudisha sifuri na kuendelea na safari. Kisha select ikachagua sifuri ya mama, kila kitu kijani. Mashine mbili, msimbo mmoja, moja inazimia na nyingine inanyamaza. Nyaraka za LLVM hazimpendelei yeyote kati yao: kugawa kwa sifuri kwenye IR hakuna maana iliyofafanuliwa, na kompaila ina haki ya kudhani kwamba hakutokei kabisa. Hilo la mwisho lilinitia baridi kuliko kifo chenyewe. Mkalimani wangu alikuwa akimwambia mhasibu kwa upole, "fomula ya 6 inagawa kwa sifuri." Sikuwahi kuona upole ule kuwa ni kazi mpaka nilipoukosa.

Dawa ilikuwa kujenga njia panda ya kweli: bloku mbili, kila moja na hesabu yake, kisha zinakutana kwenye phi inayouliza umetokea upande gani. Phi inawachanganya wengi wanaoanza IR, nami ilinichanganya, hasa "kama" ikiwa ndani ya "kama" nyingine. Bloku unayodhani umetokea siyo uliyotokea, kwa sababu tawi la ndani limeshakuhamisha. Lazima umuulize mjenzi, IRBuilder, yuko bloku gani sasa, baada ya kuandika tawi, si kabla. Kwa fomula zisizo na kinga niliongeza ukaguzi kabla ya kila kugawa: kigawanyo kikiwa sifuri, andika namba ya fomula kwenye kisanduku cha makosa, rudisha sifuri, ondoka. Nikaongeza na kesi ya namba hasi kubwa kuliko zote kugawanywa kwa hasi moja, ambayo nayo inaua. Sijamwona mlinzi wa mshahara huo, lakini nimeshajifunza adabu.

Majina ya fanksheni za nje yalinisumbua jioni moja tu. Fomula ya mshahara baki inaiita paye, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye C++, na JIT ikasema haimjui mtu huyo. Sababu mbili kwa pamoja: C++ inayasokota majina isipokuwa uandike extern "C", na programu yenyewe haionyeshi majina yake kwa nje mpaka uiunganishe na -rdynamic. Nikaacha kubembeleza, nikampa JIT anwani mkononi kwa absoluteSymbols. Baadaye niliiondoa kabisa, utaona kwa nini.

Sasa, kasi. Toleo la kwanza lililokamilika lilitumia karibu dakika tatu. Kutoka 11 hadi 3. Nilitegemea sekunde. Nikaanza kuilaumu LLVM, na nikiwa naandaa hotuba kabisa ya kuilaumu, nikapima. Muda mwingi haukuwa kwenye fomula. Ulikuwa kwenye msimbo wangu mwenyewe wa kukusanya thamani za kila mlinzi, "zamu" ngapi, "siku" ngapi, nikizitafuta kwa majina yake kwenye kamusi ya kumbukumbu, mara milioni 24. Nilikuwa nimeweka injini ya Scania kwenye mkokoteni.

Nikapanga data upya kwa safuwima: zamu zote pamoja, siku zote pamoja, mshahara wote pamoja. Nikaingiza na kitanzi chenyewe ndani ya IR, ili JIT iitwe mara moja kwa walinzi wote badala ya mara moja kwa kila mlinzi. Ikashuka hadi sekunde kama 9. Kwa haki, nikampa na mkalimani wa zamani safuwima zilezile, naye akashuka hadi dakika moja na kidogo. Yaani sehemu kubwa ya ushindi niliokuwa natangaza haikuwa ya JIT. Haikunifurahisha kuandika hilo kwenye daftari, nimeliandika.

Lakini 9 bado zilinikaa vibaya. Nikachapisha lugha ya mashine iliyotoka, nikaisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa mbaya. Thamani inawekwa kwenye kumbukumbu, inasomwa palepale, inawekwa tena. Kompaila mashuhuri duniani inaandika kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza? Ilinichukua siku moja kuelewa kwamba LLJIT, ukiiacha kama ilivyo, haiboreshi IR yako. Inaipokea ulivyoiandika na kuipeleka moja kwa moja kwenye sehemu ya kutema lugha ya mashine. Ule umaarufu wote wa LLVM, kuondoa hesabu za kurudia, kukunja matawi, kuchukua thamani kwenye kumbukumbu na kuziweka kwenye rejista za prosesa, ni hatua tofauti ambazo lazima uziagize mwenyewe. Unaijenga foleni ya hatua hizo kwa PassBuilder, unachagua kiwango cha uboreshaji, O2, unaichomeka kwenye tabaka la kubadilisha IR. Na PassBuilder nayo lazima uipe maelezo ya prosesa yako. Usipoipa, inaboresha kwa ajili ya mashine ya kufikirika isiyo na maelekezo ya kufanya namba nne kwa mpigo.

Miezi miwili nilikuwa nawaambia watu "LLVM inaboresha yenyewe."

Baada ya O2 nilirudi kwenye paye. Fanksheni ya nje ni ukuta. Kompaila haioni ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuifungua na kuichanganya na fomula inayoiita. Nikaiandika paye kwa lugha yangu ya fomula kama nyingine, ngazi zote tano, nayo ikamezwa ndani ya mshahara baki mpaka jina lake likapotea. Zile "kama" zake zisizo na kugawa kwa kigeugeu, LLVM yenyewe ilizirudisha kuwa select, kwa sababu iliona ni salama na ni nafuu. Zile za kugawa kwa siku haikuzigusa. Kosa lililoniua siku ya tatu, yenyewe inajua kulikwepa.

Jumla sekunde mbili na kitu. Nilitegemea ile ya namba nne kwa mpigo inisaidie zaidi, lakini kwa kazi hiyo prosesa yangu ina seti ya maelekezo ya AVX2 tu, na AVX2 haina agizo la kuzidisha namba za biti 64 kwa mpigo. Huo ndio ujira wa kuchagua i64. Sijutii.

Kuna jambo dogo la kuhariri fomula. Mhasibu akibadilisha posho_usiku na kubonyeza tena, JIT inakataa: jina hilo limeshatumika. Mwanzoni nilibandika namba nyuma ya kila jina, posho_usiku_1, posho_usiku_2, na kumbukumbu ikawa inajaa polepole mchana kutwa. Njia ya kistaarabu ni kumpa kila fomula ResourceTracker yake na kuifuta kabla ya kuweka mpya. Ukishaifuta, anwani ya zamani usiiguse. Niliigusa.

Na yale mafuta ya karai. Kukompaili fomula 14 kwa O2 kunachukua makumi ya milisekunde kwenye laptopu yangu. Ukigawanya kwa hesabu milioni 24 hakuna kitu. Lakini kwenye skrini ya kuonyesha hati ya mshahara ya mtu mmoja, mkalimani anakuwa ameshamaliza na kurudi nyumbani kabla LLVM haijawasha jiko. Kwa hiyo mkalimani hajafukuzwa. Hati moja moja ni yake, zabuni ni za JIT. PostgreSQL nayo haikompaili kila ulizo. Ina kizingiti cha jit_above_cost, 100000 usipoigusa, na bado makadirio yakikosea unaweza kukuta ulizo fupi limetumia muda mwingi kukompailiwa kuliko kujibiwa. Watu wa WebKit, injini ya Safari, walitumia LLVM kwenye ngazi yao ya juu ya JavaScript tangu 2014, na 2016 wakaiondoa wakaandika yao, B3, hasa kwa sababu ya muda wa kukompaili. Wao walikuwa na mtu anayesubiri ukurasa ufunguke. Mimi nina mama anayesubiri zabuni.

Kubaki na mkalimani kuliniachia na zawadi: shahidi. Niliandika majaribio yanayotunga walinzi wa kubahatisha, yanawapeleka kwa mkalimani na kwa JIT, yanalinganisha majibu. Usiku mzima yalikuwa ya kijani. Nikampelekea mama toleo jipya.

Simu ikaja baada ya dakika kumi.

"Mwanangu, hii kitu imeharibika."

"Imefanyaje mama?"

"Imekwisha."

"Imekwisha ndiyo mama, sasa hivi ni ya haraka."

"Hapana. Sijatoka hata kwenye kiti. Umekokotoa kweli, au umeweka majibu ya jana?"

Nikamweleza. Hakunielewa, na hakuniamini. Akasema atachukua majina ishirini na kuyapiga kwa kikokotoo chake. Nikasema haya mama, nikacheka kidogo moyoni.

Kesho yake asubuhi akanitumia picha ya karatasi kwenye WhatsApp. Kalamu nyekundu imezungushia mstari mmoja. Kipato cha kukatwa kodi 333,333. Toa 270,000, inabaki 63,333. Asilimia 8 yake ni 5,066.64. Kikokotoo chake na mkalimani wangu wa zamani wanasema 5,067. Programu mpya inasema 5,066.

Mkalimani alikuwa akikokotoa kwa desimali na kukaribisha mwishoni kwenye shilingi iliyo karibu. JIT inatumia sdiv, agizo la kugawa namba kamili, na sdiv haikaribishi, inakata mkia. Zidisha kwa 8, jumlisha 50, ndipo ugawe kwa 100. Dawa ni ya mstari mmoja. Lakini nilikuwa nalinganisha wawili hawa usiku kucha, ilikuwaje shahidi asiseme?

Nikafungua faili la majaribio. Pale pa kulinganisha, kwa mkono wangu mwenyewe, na maelezo pembeni kwamba desimali zina vituko vyake, nilikuwa nimeandika: tofauti isipozidi 1, nyamaza. Nikaifuta ile 1, nikaweka 0, nikabonyeza. Majaribio 38 yakageuka mekundu kwa mpigo, na safari hii mimi ndiye niliyekwenda kuchemsha chai.